Mlima ni Mzee Kuliko Bonde: Kusoma Umri wa Miamba Kutoka Ruaha Mbuyuni

Basi litokalo Mikumi kwenda Iringa huteremka hadi Ruaha Mbuyuni, bonde la joto lenye mibuyu pande zote za barabara na magunia ya vitunguu yaliyopangwa kando ya lami. Kushoto kwa abiria inasimama safu ya Udzungwa, kulia ile ya Rubeho, na katikati unapita Mto Ruaha Mkuu ukishuka kutoka Mtera kwenda Kidatu. Mbele, baada ya Mtandika na Mahenge, gari huanza kuupanda mlima Kitonga kona baada ya kona. Sasa mchukue mwanafunzi wa sekondari aliyefundishwa darasani kwamba katika miamba kilicho chini ni kikongwe na kilicho juu ni kichanga, umsimamishe hapa Mbuyuni na umuulize: kipi kilitangulia, mlima ule juu au udongo huu wa shamba chini ya miguu? Akishika kanuni kwa maneno yake tu, atajibu kwamba udongo wa bondeni ndio mzee, kwa kuwa uko chini. Jibu hilo linakosea kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Mlima ni mzee kuliko bonde, na tope la ukingoni mwa mto ni la juzi. Kanuni haina kosa. Kosa ni kudhani kwamba umri wa mwamba husomwa kwa kina chake, au kwa rangi yake, au kwa ugumu wake. Husomwa kwa uhusiano: nani amemlalia nani, nani amemkata nani, nani amembeba nani ndani yake.

Tuanze na kinachoonekana kwa macho. Mvua za masika zikikolea kwenye Udzungwa, Mto Lukosi hushuka na maji ya rangi ya chai ya maziwa na kuyamwaga katika Ruaha. Maji yenye kasi hubeba kila kitu, kokoto, mchanga na tope. Yanapofika kwenye tambarare kasi hupungua, na mzigo hutuliwa kwa zamu: kokoto kwanza, kisha mchanga mkubwa, kisha mchanga laini, na mwisho lile tope ambalo hubaki likielea kwa siku kadhaa kabla ya kutulia. Mkulima anayechimba mfereji wa kumwagilia vitunguu anaukata mpangilio huu bila kuutafuta. Akiuparua ukuta wa mfereji kwa jembe hadi uwe laini, atauona: kanda ya mchanga yenye punje anazoweza kuzihesabu kwa kidole, juu yake udongo mweusi ulioshikana kama unga wa kuumuliwa, kisha mchanga tena, kisha udongo. Pengine kuna mzizi mkavu unaoanzia kwenye udongo wa katikati na kushuka, alama kwamba udongo ule uliwahi kuwa uso wa nchi, majani yakaota juu yake, kisha gharika nyingine ikaufukia. Kila kanda ni tukio. Ile ya chini ilikuwapo kabla ya ile ya juu kwa sababu rahisi kabisa: mchanga hauwezi kutulia juu ya kitu ambacho hakijawekwa bado.

Sababu hiyo rahisi ndiyo Nicolaus Steno, mwanasayansi mzaliwa wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi Italia, aliyoiandika mwaka 1669. Alisema pia mambo mawili yanayosahaulika mara nyingi: kwamba mashapo yanapotulia majini hutulia kwa ulalo, na kwamba hutandaa pande zote mpaka yakutane na kizuizi. Kwa hiyo tabaka lililosimama wima limeinamishwa baadaye na nguvu nyingine. Na matabaka yanayofanana kwenye kingo mbili za korongo yalikuwa kitu kimoja kabla maji hayajayatenganisha. Ili mashapo yawe jiwe panahitajika uzito na gundi. Uzito hutoka kwa matabaka yanayozidi kurundikana juu, yakiyakamua maji yale ya chini. Gundi ni madini yaliyoyeyuka katika maji ya ardhini, hasa chokaa, silika au kutu ya chuma, yanayojaza nafasi kati ya punje na kuzishikanisha. Kazi hii inaendelea leo. Bwawa la Mtera, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1970 ili kulihifadhia maji Bwawa la Kidatu, hunasa tope la Ruaha kila mwaka, na chini ya maji yale kuna rundo la matabaka ambalo umri wake haujafikia wa babu wa watu wengi.

Tazama basi neno “chini” katika kanuni ya Steno. Linahusu chini ndani ya rundo moja, wala halizungumzii chini ya mlima. Mto unaochimba bonde lake huacha mashapo yake ya kale juu, kwenye ngazi za kingo, na kuweka mapya chini zaidi, karibu na maji. Mtu anayepanda kutoka mtoni kwenda kwenye ngazi hizo anapanda kuelekea zamani, kinyume cha anayepanda ukuta wa mfereji. Hakuna mgongano hapa. Ndani ya kila ngazi, mchanga wa chini ulitangulia wa juu; lakini ngazi yenyewe na ngazi nyingine hazikulaliana, ziliachwa mto ulipokuwa ukizama. Asiyetofautisha kulaliana na kuwa juu kwa mwinuko atasoma kitabu cha miamba kutoka nyuma.

Mtego wa pili uko Kitonga kwenyewe. Pale barabara ilipochongwa mlimani, mwamba uliokatwa unaonyesha mistari, mweupe na mweusi, mweupe na mweusi, mingine imenyooka, mingine imekunjika kama kitambaa kilichobanwa. Kila mpita njia angeapa kwamba haya ni matabaka. Siyo, au angalau siyo ya aina tunayoizungumzia. Mwamba huu ni naisi, mwamba uliobadilishwa na joto na mgandamizo ndani kabisa ya dunia, na mistari yake ni madini yaliyojipanga upya yakiwa yamebanwa: kwarzi na feldispa zenye rangi nyeupe upande huu, madini meusi upande ule. Mstari mweusi wa chini haukutangulia mstari mweupe wa juu. Imetokea pamoja, kama michirizi ya mafuta katika chapati iliyokunjwa na kusukumwa. Kuhesabu mistari ya naisi kana kwamba ni miaka ni kazi bure. Hili nalikazia kwa sababu vitabu vyetu vya shule hupenda kuonyesha mchoro wa matabaka yaliyonyooka kama keki, na mwanafunzi wa nyanda za juu anatoka darasani akiamini kila chenye mistari ni keki ile. Mazingira yake yamejaa naisi na graniti, na kanuni aliyopewa haijamwambia mahali inapokoma.

Je, basi miamba hii migumu haina historia inayosomeka? Inayo, ila kwa herufi nyingine. Kaskazini mwa mji wa Iringa, upande wa Isimani, kuna vilima vyenye mwamba uitwao eklogaiti, mzito, wenye garneti nyekundu. Kemia yake inafanana na ya miamba ya sakafu ya bahari, na madini yake hayawezi kujengeka isipokuwa kwa mgandamizo wa kina cha makumi ya kilomita. Yaani kipande cha kilichokuwa sakafu ya bahari kilivutwa chini ya bara, kikapikwa huko, kikarudishwa juu. Umri wa mapishi hayo ni takriban miaka bilioni 2, na eklogaiti za aina hii ni miongoni mwa kongwe zinazojulikana duniani. Sasa, jirani na miamba hiyo ya Isimani kuna kundi jingine liitwalo Konse, ambalo chimbuko lake ni mashapo na lava. Limelala juu ya Isimani, na mikunjo ya miamba ya Isimani inakatwa na uso uliolaliwa na Konse. Maana yake ni nini? Kwamba Isimani ilikunjwa kwanza, ikainuliwa, ikaliwa na mvua na upepo mpaka vilivyokuwa vilindini vikawa uso wa nchi, na hapo ndipo Konse ikatandikwa. Kisha graniti ikapenya na kuikata Konse, na kinachokata lazima kije baada ya kilichokatwa, kama vile kisu hakiwezi kuukata mkate ambao haujaokwa. Graniti hiyo ina umri wa karibu miaka bilioni 1.9. Kwa hiyo Konse imebanwa katikati: ni changa kuliko mapishi ya eklogaiti, ni kongwe kuliko graniti. Uhusiano mtupu, wa kulalia na kukata, ndio uliotengeneza fremu. Namba zilikuja kujaza.

Kati ya miamba ya namna hiyo na tope la Ruaha Mbuyuni kuna pengo kubwa kuliko yote. Mahali ambapo mchanga wa mto umelala moja kwa moja juu ya naisi, mtu anaweza kuweka kidole kwenye mpaka ule na chini ya kucha yake zitakuwapo mamia ya mamilioni ya miaka ambayo hayakuacha hata ukurasa mmoja. Mskoti James Hutton alipouona mpaka wa namna hiyo huko Siccar Point, Uskoti, mwaka 1788, matabaka yaliyosimama wima yakiwa yamelaliwa na mengine ya ulalo, ndipo alipopata hoja ya kuonyesha kwamba dunia ni ya kale mno kuliko watu wa wakati wake walivyodhani. Mpinzani atasema: kama kurasa nyingi hivi hazipo, kitabu hiki kina faida gani? Swali ni la haki. Jibu lake ni kwamba kurasa zilizokosekana hapa zipo kwingine, na kazi ya mwanajiolojia ni kuzishona. Makaa ya mawe ya Kiwira, huko Songwe, ni mabaki ya mimea ya vinamasi iliyofukiwa zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Tendaguru ya Lindi ilihifadhi mifupa ya madinosaria ya takriban miaka milioni 150, ile iliyochimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913 na kupelekwa Berlin. Hakuna sehemu moja ya Tanzania yenye rundo lote, kama ambavyo hakuna mzee mmoja wa ukoo anayekumbuka kila kitu.

Kushona kwenyewe kuna hatari zake, na Mbeya inatoa mfano ulio wazi. Katika bonde la Rukwa na Songwe kuna mawe mekundu ya mchanga ambayo kwa miongo mingi yalitajwa kama kundi moja, na wataalamu walibishana juu ya umri wake, wengine wakisema ni ya enzi ya madinosaria, wengine ya baadaye sana. Wote walikuwa na sehemu ya ukweli. Watafiti walipofuatilia matabaka hatua kwa hatua, wakayakagua kwa visukuku na majivu ya volkano yaliyomo, ikaonekana kwamba wekundu ule mmoja unaficha vitu viwili. Sehemu moja, iliyopewa jina la Galula, ni ya enzi ya madinosaria na ndimo alimotoka dinosaria Rukwatitan, aliyetangazwa mwaka 2014. Nyingine, Nsungwe, ina umri wa takriban miaka milioni 25, na humo ndimo yalimotoka taya la Rukwapithecus na jino la Nsungwepithecus, yaliyotangazwa mwaka 2013, ushahidi wa mapema kabisa wa kutengana kwa ukoo wa sokwe na ukoo wa nyani. Rangi nyekundu ni kutu tu. Chuma hupata kutu katika enzi yoyote palipo na hewa na maji, na mchanga wa leo ukipata hali hiyo utakuwa mwekundu vilevile. Aliyesoma kwa rangi alipotea. Aliyesoma kwa kinachobebwa ndani ya tabaka alifika.

Na hakuna kinachosaidia kushona kama majivu ya volkano, kwa kuwa mlipuko mmoja hutandaza zulia lake kwa siku chache juu ya mlima, shamba na ziwa kwa pamoja. Volkano ya Rungwe ililipuka kwa nguvu yapata miaka 4,000 iliyopita ikamwaga mawe mepesi yenye matundu. Tabaka la mlipuko huo likitambuliwa katika kingo mbili zilizo mbali, yote yaliyo chini yake ni ya kabla na yote yaliyo juu ni ya baada, bila ubishi. Tope la Ziwa Masoko karibu na Tukuyu limehifadhi kanda nyingi za majivu za namna hii, mojamoja, kama mistari ya daftari. Ni majivu pia yaliyolipa Bonde la Olduvai namba yake: mwaka 1961 vipimo vya miamba ya volkano iliyohusiana na fuvu la kale alilolipata mtafiti Mary Leakey mwaka 1959 vilionyesha umri wa takriban miaka milioni 1.75, wakati wengi walitarajia umri mdogo zaidi.

Pingamizi la kwanza la maana ni kwamba matabaka hupinduka. Ni kweli. Nguvu zinazokunja milima zinaweza kulilaza rundo kifudifudi, na hapo la chini linakuwa changa. Lakini matabaka huja na alama za juu na chini. Tope lililokauka hupasuka, na kila aliyepita mbugani kiangazi anaijua sura yake: ufa ni mpana juu na mwembamba kadiri unavyoshuka. Mchanga wa gharika inayofuata ukiujaza ufa ule, umbo lake la kabari linabaki ndani ya jiwe, likielekeza ncha yake chini ya siku ile. Jiwe likionekana na kabari zinazoelekea juu, limepinduliwa. Vivyo hivyo kwa mzizi ulioota kwenda chini na kokoto zilizotangulia kutulia chini ya mchanga. Kanuni haivunjwi na mkunjo. Inamtaka msomaji akague kwanza kama kitabu kimeshikwa wima.

La pili ni zito zaidi. Kitu kilichomo ndani ya tabaka si lazima kiwe na umri wa tabaka. Mwaka 1913 Hans Reck, Mjerumani aliyeyapa matabaka ya Olduvai namba zake, alikuta humo mifupa ya mtu kamili katika lile la pili, akaamini mtu huyo aliishi wakati tabaka lile likitandikwa. Ubishi ulidumu karibu miaka ishirini. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 udongo uliozunguka mifupa ulilinganishwa na wa matabaka mengine, ikabainika kwamba mtu yule alizikwa: kaburi lilichimbwa kutoka juu na kuingia katika tabaka la kale. Kosa la Reck halikuiangusha kanuni. Lilirekebishwa na kanuni dada yake, kwamba shimo ni changa kuliko kilichochimbwa. Na kinyume chake kipo pia: kokoto ya naisi iliyomo katika mchanga wa Lukosi ni kongwe kuliko mchanga ule, kwa kuwa ilibidi iwe jiwe la mlimani kabla ya kuwa kokoto ya mtoni.

Kokoto hiyo ndiyo inayolijibu pingamizi la tatu, ambalo leo husikika kuliko yote: ya nini kusumbuka na kulaliana na kukatana wakati maabara inatoa namba? Mashine ni za ajabu, nami sizidharau. Chembe ya zirkoni inapozaliwa katika mwamba wa moto hunasa urani na karibu haikubali risasi kabisa. Urani hugeuka risasi kwa mwendo unaojulikana, nusu ya urani-238 ikiisha kwa takriban miaka bilioni 4.5, na uwiano wa viwili hivyo unatoa umri wa chembe. Wa chembe. Chota kiganja cha mchanga uliotua jana Ruaha Mbuyuni, utenge zirkoni zake, na mashine itakurudishia kwa uaminifu umri wa milima zilikomong'onyoka, mamia ya mamilioni ya miaka na zaidi, kwa mchanga ambao bado una unyevu. Mashine haijadanganya. Imejibu swali la kuzaliwa kwa chembe, nasi tulitaka siku ya kutandikwa kwa tabaka. Ili namba iwe ya tabaka, lazima kwanza mtu aende na jembe na macho yake, aone kama zirkoni imetoka katika majivu yaliyoanguka wakati ule au katika kokoto iliyosafiri.

Namba pia hubadilika vifaa vinapobadilika, na mpangilio haubadiliki. Isimila, kama kilomita 20 kutoka Iringa mjini kwa njia ya Mbeya, inaonyesha hili vizuri. Mwaka 1951 zana za mawe zilitambuliwa katika korongo lile, na mwaka 1957 na 1958 F. Clark Howell wa Chicago akaongoza uchimbaji: vishoka vya mawe kwa mamia, katika matabaka ya mchanga na udongo yaliyowekwa na maji, pamoja na mifupa ya kiboko wa aina iliyotoweka. Kwa muda umri wake ulikadiriwa kuwa makumi ya maelfu ya miaka tu. Mwaka 1972 kipimo cha urani katika mfupa kikatoa takriban miaka 260,000, na kwa nafasi pana ya kukosea. Namba iliruka mara kadhaa. Ila tabaka gani lilitangulia lipi, na kishoka gani kilikuwa chini ya kipi, hayo yalibaki kama yalivyoandikwa siku ya kuchimba.

Kwa hiyo kishoka cha Isimila kina vitu viwili: umbo lake, na mahali kilipolala. Umbo linabebeka mfukoni. Mahali hapabebeki, na pakipotea hakuna maabara inayoweza kupanunua tena. Mvua zile zile zilizochonga nguzo za Isimila, zinazopigwa picha na kila mgeni, bado zinazila kuta za korongo, na kila masika mawe mengine hutoka ukutani na kuanguka sakafuni. Ukienda huko, au ukichimba mfereji Ruaha Mbuyuni na jembe likagonga mfupa au jiwe lililochongwa, usiling'oe. Liache ndani ya udongo wake, piga picha ukuta mzima, kisha uite wahusika wa mambo ya kale waje walione likiwa bado limelala.